Waifai yako ina mgeni? Soma dalili kabla hujabadilisha nywila

Wanaoniita kwa tatizo la waifai huwa wamekwisha kujipa jibu: "Fundi, nimedukuliwa, nibadilishie nywila." Nywila inabadilishwa, wiki inapita, tatizo liko palepale. Ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai, ina nywila mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni ya waifai, ile unayompa mgeni. Ya pili ni ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, mahali panapopangwa jina la mtandao, nywila ile ya kwanza, na njia ambayo vifaa vyako vyote vitapita kwenda intaneti. Ya kwanza ni geti. Ya pili ni kabati lenye funguo zote za nyumba, geti likiwemo. Aliyeshika kabati hajali umebadilisha kufuli la geti mara ngapi.

Ninayoeleza hapa yanahusu nyumba na ofisi ndogo za kwetu: familia yenye ruta ya laini ya simu, nyumba ya wapangaji wanaochangia mkonga, duka la steshenari, ofisi ya wakili mwenye printa moja na karani mmoja.

Kwanza jifunze kuingia kwenye ruta. Unganisha simu au kompyuta kwenye waifai, fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye stika chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ruta nyingi za laini hutumia 192.168.8.1. Ikigoma kufunguka kwenye simu, zima data ya laini kisha ujaribu tena. Ikifunguka kwa jina "admin" na nywila "admin", tayari umepata tatizo la kwanza, hata kama hukuwa umeona dalili yoyote.

Bando linaisha kabla ya wakati wake

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote, na mara nyingi mwizi anakaa ndani ya nyumba hiyohiyo, tena bila kujua. Simu ikiwa kwenye waifai hudhani intaneti ni ya bure: hupakia picha zote za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni na kusasisha programu usiku kucha. Kompyuta ya Windows nayo hushusha masasisho yake bila kuomba ruhusa. Televisheni ndiyo mlafi mkuu. Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 3 kwa saa kwa picha ya HD, na hadi GB 7 kwa picha ya 4K. Watoto wakikaa sebuleni Jumamosi nzima, kifurushi cha GB 20 hakifiki Jumapili, na jirani hahusiki.

Badilisha nywila ya waifai, halafu kwa siku moja unganisha kifaa kimoja tu, simu yako. Tazama salio la data asubuhi na jioni. Matumizi yakishuka sana, rudisha vifaa kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku yake, hadi matumizi yapande ghafla. Hapo umempata mlaji. Ukivirudisha vyote na matumizi yakabaki chini, basi kweli palikuwa na mtu wa nje, na nywila mpya imemtoa. Kwenye kompyuta, ingia mipangilio ya mtandao uiambie kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Windows itapunguza kushusha vitu vikubwa bila idhini.

Kwenye orodha kuna kifaa nisichokijua

Ruta huonyesha vifaa vilivyounganishwa, kila kimoja na anwani yake ya herufi na tarakimu 12. Zamani sita za mwanzo zilikutajia kampuni iliyotengeneza kifaa, na kazi ya kumtambua mgeni ilikuwa rahisi. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujibunia anwani ili zisifuatiliwe, kwa hiyo simu ya mkeo inaweza kuonekana kama kifaa cha ajabu kisicho na jina. Iangalie herufi au tarakimu ya pili ya anwani: ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo ni ya kubuni, na karibu kila mara ni simu au kompyuta ya kisasa. iPhone ukiifanya isahau mtandao kisha ukaiunganisha upya, inaweza kuja na anwani nyingine kabisa. Jina linaloanza na "ESP" kwa kawaida ni taa au soketi janja mliyonunua wenyewe.

Usianze kumfungia kila usiyemjua. Zima waifai kwenye kifaa kimoja, fungua upya orodha, uone nani ametoweka, umwandike kwenye karatasi, kisha uende kwa kinachofuata. Usisahau televisheni, printa, king'amuzi, kamera na simu ya dada wa kazi. Atakayebaki baada ya vyote kuzimwa ndiye mgeni.

Kuna mafundi watakaokushauri uweke orodha ya anwani zinazoruhusiwa, au ulifiche jina la waifai. Mimi siyapotezei muda yote mawili. Anwani ya kifaa husafiri hewani bila kufichwa, kwa hiyo mwenye nia huinakili ile ya simu yako na kuivaa. Jina lililofichwa nalo hutajwa na simu zako zinapoutafuta mtandao. Utakayekuwa umemsumbua ni wewe mwenyewe, kila mgeni anapokuja.

Nimebadilisha nywila, wamerudi

Hapa sababu ni nyingi, na lazima uzipitie kwa mpangilio.

Ya kwanza ni watu, wala haihitaji utaalamu. Simu yoyote yenye Android 10 au zaidi, iliyokwisha kuunganishwa, inaweza kuonyesha msimbo wa QR wa mtandao wako, mara nyingi na nywila yenyewe imeandikwa chini yake. Kijana wa nyumbani akimwonyesha rafiki yake skrini kwa sekunde tatu, kazi imekwisha. Zipo pia programu za kugawana waifai ambazo humpa nywila yako kila mpita njia mwenye programu hiyo. Kwa hiyo ukiwapa nywila mpya watu walewale wanane, umeirudisha pale ilipokuwa. Washa mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi za siku hizi zinao, na huko ndiko waende wageni, wateja na simu za wafanyakazi. Mtandao mkuu ubaki na kompyuta za kazi na printa, na nywila yake iingizwe kwa mkono wa mtu mmoja. Kwenye nyumba ya wapangaji wanaochangia bili, kila mpangaji na ruta yake ndogo ni gharama inayolipa, maana ugomvi wa "nani kamaliza bando" hauna hakimu.

Ya pili ni WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila nywila. Pamoja na kitufe kuna namba ya siri ya tarakimu nane, ambayo kwa kawaida imechapishwa kwenye stika. Desemba 2011 mtafiti wa usalama Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua namba hiyo nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia. Badala ya kubahatisha kati ya mamilioni, mshambuliaji anahitaji majaribio 11,000 tu kwa wingi wake. Mwaka 2014 ikagundulika kwamba ruta zenye chipu fulani huitoa namba hiyo kwa haraka zaidi, kwa sababu tarakimu zao za kubahatisha hazikuwa za kubahatisha. Na akishaipata, ruta humpa nywila ya waifai ya wakati huo. Ukibadilisha leo, kesho anaiuliza tena kwa namba ileile. Zima WPS, washa ruta upya, kisha rudi uhakikishe bado imezimwa. Baadhi ya ruta za zamani huandika "imezimwa" huku zikiendelea kuijibu. Ruta ya namna hiyo istaafishwe.

Ya tatu ni nywila ya ruta yenyewe. Aliyewahi kuunganishwa mara moja aliweza kufungua 192.168.1.1, akaingia kwa "admin", akawasha usimamizi wa kutoka nje. Tangu hapo hahitaji hata kusogea karibu na nyumba yako. Hapa mpangilio wa kazi ndio unaowashinda wengi: wanaanza na nywila ya waifai, mwizi anaisoma mpya kwenye ukurasa wa ruta, wanalalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Chomeka kompyuta kwa kebo. Badilisha nywila ya ruta. Zima usimamizi wa kutoka nje. Sasisha programu ya ndani ya ruta kama kuna toleo jipya. Baada ya hayo yote ndipo ubadilishe nywila ya waifai.

Ya nne ni stika. Kwenye maduka ya steshenari ruta huwekwa juu ya kaunta, stika imewaelekea wateja waliopanga foleni ya fotokopi. Picha moja ya simu inatosha kupata jina, nywila ya kiwandani na namba ya WPS. Hata kama nywila umeibadilisha, kuna kitundu cha kurudishia mipangilio ya kiwandani, na pini moja hurudisha kila kitu kuwa kama kilivyoandikwa kwenye stika. Ipandishe ruta juu ukutani, nyuma ya kaunta.

Ya tano ni nywila dhaifu, na hapa ndipo udukuzi wa kweli unapoanza. Kwa WPA2, aina ya usalama inayotumiwa na waifai nyingi, mtu aliyekaa kwenye gari nje anahitaji kunasa mazungumzo mafupi kati ya simu yako na ruta wakati wa kuunganishwa. Anaondoka nayo, na nyumbani kwake kompyuta inakisia nywila bila kuugusa tena mtandao wako. Wewe hutaona lolote. Sasa fikiria nywila ambayo ni namba ya simu, kama zilivyo nyingi hapa mjini. Namba za simu za mkononi za Tanzania huanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu nane, jumla milioni 200. Kwa kasi ya majaribio 500,000 kwa sekunde, ambayo kadi nzuri ya michoro inaifikia, zote zinaisha chini ya dakika saba. Methali na majina ya timu nayo yamo kwenye orodha zao. "Harakaharakahainabaraka" ni ndefu, lakini haimsumbui mtu.

Chukua maneno manne yasiyohusiana, uyapate kwa kufungua kamusi ovyo, mfano "kiberiti papai reli mwalimu" (lakini si haya, yamekwisha kuandikwa hapa). Ukichagua kwa bahati nasibu kati ya maneno 5,000, kwa kasi ileile kuyamaliza yote kunachukua karibu miaka 40, na neno la tano huuzidisha muda huo mara 5,000. WPA2 hupokea nywila ya herufi 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha.

Ukiwa hapo, angalia aina ya usalama iliyochaguliwa. Weka WPA3, iliyo mpya zaidi, kama vifaa vyote vinaiweza, la sivyo mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, au WPA2 yenye AES. Ukikuta WEP, aina ya zamani kabisa, iondoe leo. Udhaifu wake ulichapishwa mwaka 2001, na mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliivunja kwa chini ya dakika moja. Kisingizio huwa ni printa ya zamani isiyojua kingine. Ipe kebo.

Kurasa zinanipeleka kwingine, au kivinjari kinaonya kila mara

Tenganisha mambo kwanza. Fungua tovuti ileile kwenye simu kwa data ya laini, halafu kwa waifai. Kikisumbua kifaa kimoja tu, ugonjwa umo kwenye kifaa hicho. Kompyuta ya mezani iliyozeeka, betri yake ndogo ya ndani ikifa, husahau tarehe, na kivinjari huona vyeti vyote vya tovuti vimepitwa na wakati. Rekebisha tarehe kabla ya kumtafuta mchawi. Na kama kila ukurasa unakupeleka kwa mtoa huduma wako, huenda kifurushi kimeisha tu.

Ikiwa vifaa vyote vinaonyesha matangazo ya ajabu, au ukurasa wa benki una sura ngeni, lakini kwa data ya laini vyote viko sawa, ishuku DNS ya ruta. DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Mwenye kuishika anaweza kukuelekeza kwenye ukurasa wake wakati wewe umeandika jina sahihi kabisa. Novemba 2011 FBI ilitangaza kulivunja genge la Estonia lililofanya biashara hii kwa programu iliyoitwa DNSChanger, iliyokuwa imeathiri zaidi ya kompyuta milioni nne duniani. Seva zake ziliendeshwa kwa muda chini ya amri ya mahakama ili waathirika wasikatikiwe ghafla, hadi zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012.

Ingia kwenye ruta, tazama DNS sehemu ya intaneti na pia sehemu inayogawa anwani kwa vifaa, maana zinaweza kutofautiana. Inapaswa kuwa ya mtoa huduma wako, au moja ya zile zinazofahamika kama 1.1.1.1, 8.8.8.8 au 9.9.9.9. Ukikuta namba usiyoijua, piga simu kwa mtoa huduma uulize kama ni yake. Kama si yake, mtu ameingia kwenye kabati. Rudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, sasisha programu yake, weka nywila mpya ya ruta, kisha ya waifai. Kuzima na kuwasha hakutoshi. Mei 2018, baada ya kirusi cha VPNFilter kukutwa kwenye ruta na vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, FBI iliwaomba watu wawashe upya ruta zao. Hilo lilikata makali yake, lakini sehemu ya kwanza ya kirusi ilibaki salama ndani ya kifaa.

Nywila za barua pepe na benki zibadilishe pia, kwa simu iliyo kwenye data ya laini, usisubiri ruta ipone.

Jina la waifai linaonekana mara mbili, au simu inatolewa kila dakika

Majina mawili yanayofanana kwa kawaida ni masafa mawili ya ruta moja, 2.4 na 5 GHz, au kifaa cha kuongezea mawimbi kilichowekwa chumba cha nyuma. Kipimo chake ni rahisi: chomoa ruta na vifaa vyote vya kuongezea mawimbi kwenye umeme, subiri dakika mbili, utafute tena. Jina lako likiendelea kuonekana, kuna anayelitumia.

Kutolewa mara kwa mara nako husababishwa zaidi na umeme unaocheza, adapta iliyochoka, au ruta iliyofichwa kabatini nyuma ya vyombo. Lakini upo mchezo wa makusudi: mtu hutuma ujumbe wa kughushi unaoikata simu yako, ili inase kwenye mtandao wake wenye jina lako. Utamjua pale mtandao ambao simu imeuzoea unapokuja bila alama ya kufuli, halafu ukurasa wa kivinjari unakuomba nywila ya waifai "ili kusasisha ruta". Ruta ya nyumbani haiombi hivyo. Usiandike kitu, usahaulishe simu mtandao huo. WPA3 hulazimisha ujumbe wa aina hiyo ulindwe, na baadhi ya ruta za WPA2 zina chaguo hilo kwenye mipangilio.

Kamera inageuka yenyewe

Kwa ofisi ndogo, hiki ndicho kinachonitia hofu kuliko jirani anayekula bando. Kamera na mashine yake ya kurekodi hufungwa na fundi, anaweka nywila yake anayoitumia kwa wateja wote, anaondoka. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilieneza jeshi lake kwa orodha ya majina na nywila za kiwandani zaidi ya 60 tu, kikivamia kamera na ruta. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo viliizidi nguvu kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizipa tovuti kubwa huduma ya DNS, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani na Ulaya.

Badilisha nywila ya kila kamera, fundi akiwepo au asiwepo. Futa akaunti usizozijua. Zihamishie kamera kwenye mtandao wa wageni ukihakikisha bado zinarekodi, au uzipe mtandao wake kama ruta inaruhusu. Kisha zima UPnP, inayokiruhusu kifaa cha ndani kujifungulia mlango wa nje bila kukuuliza. Kama kutazama kamera ukiwa mbali kutakoma baada ya hapo, umejua mlango ulikuwa wazi. Tumia programu rasmi ya mtengenezaji, yenye uthibitisho wa hatua mbili.

Ruta inaikataa nywila yangu mwenyewe

Huenda mtu ameibadilisha, huenda fundi wa mtoa huduma ndiye aliyeiweka. Kabla hujashika pini, mpigie mtoa huduma. Ruta nyingi za mkonga hubeba jina na nywila za kuunganishwa kwake; ukizifuta, utakaa bila intaneti hadi aje mtu, na Ijumaa jioni mtu huyo haji. Omba taarifa hizo kwa maandishi, au umwombe akurudishie ruta kutoka kwake. Ruta ya laini ya simu haina shida hiyo. Kwa kawaida bonyeza kitundu kama sekunde kumi hadi taa zibadilike.

Kama ofisini kumepotea fedha au taarifa za wateja, usifute chochote kwanza. Kurudisha mipangilio ya kiwandani hufuta pia kumbukumbu za nani aliingia na lini. Ukiweza kuingia, piga picha za orodha ya vifaa, DNS, ukurasa wa kumbukumbu na saa ya ruta. Usipoweza, ichomoe, uiweke pembeni, ununue nyingine. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 Tanzania, na chini ya sheria ya 2018 kwa walio Kenya, na polisi watakachokuuliza kwanza ni ushahidi ulio nao mkononi.